Tahadhari: Mkanda bandia wa kuzungushia egzosi unauzwa Nairobi, na unawaka moto

Ndugu zangu wa boda, na yeyote mwenye pikipiki hapa Nairobi: kuna kijana anauza mikanda ya kuzungushia bomba la moshi, ile ya kuzuia joto. Anachouza si mkanda wa joto. Ni kitambaa cha kawaida kilichopakwa rangi. Wangu ulishika moto nikiwa Jogoo Road na mama mmoja nyuma yangu, na tangi la petroli lilikuwa juu tu ya ule moto.

Niliutafuta mkanda huo kwa sababu ya abiria. Pikipiki yangu aina ya Boxer ina silensa upande wa kulia, na wengi wenu mmemwona mtu mwenye alama ya kuungua kwenye shavu la mguu wa kulia. Mwezi niliounununua msichana wa shule alishuka upande usiofaa pale Pipeline, akagusa bomba, ngozi ikabaki pale. Nilimpeleka kliniki mwenyewe. Usiku ule sikulala, na asubuhi nikaanza kuulizia njia ya kulifunika lile bomba.

Ndipo nikaona picha zake kwenye kundi la WhatsApp la wenye pikipiki. Roli safi, rangi ya shaba, upana wa sentimita 5, mita 10, kwa shilingi 1,500. Alisema ni “titanium”, inavumilia digrii 1,000, na eti inapunguza unywaji wa petroli. Aliniambia duka lake liko Kirinyaga Road. Nilipofika huko, eneo linaloitwa Grogan, hakuna duka: alinijia kando ya barabara na begi mgongoni, pikipiki ya mwenzake ikiwa inanguruma. Nilipotaka kufungua nailoni nione, akasema, “Bosi, ukifungua hairudi.” Nilipolipa kwa M-Pesa jina lililotokea ni la mwanamke. “Hiyo namba ni ya mke wangu.” Nililiona jina, nikaendelea kulipa. Hapo ndipo nilipaswa kuondoka.

Fundi wa steji yetu aliufunga vizuri, kuanzia kwenye silensa kwenda juu kwenye engini, akakaza kwa waya za chuma. Tulipowasha, moshi ukaanza. Muuzaji alikuwa ametuambia mapema kwamba utatoa moshi siku ya kwanza na tusiogope. Hapa ndipo mtego ulipo, na nawaomba mlisome hili mara mbili: mkanda halali nao hutoa moshi na harufu mara ya kwanza, kwa dakika kadhaa, kwa sababu gundi ya kiwandani inaungua. Baadaye unaisha kabisa. Huyu jamaa anautumia ukweli huo kuficha kitambaa kinachoteketea. Kwa hivyo mtu anaona moshi, anatulia, anabeba abiria.

Nilimbeba mama kutoka Donholm kwenda mjini. Karibu na City Stadium akanigonga bega: “Kijana wangu, unaungua!” Nikaangalia chini, nikaona mwali kando ya goti langu. Nilisimama, nikamshusha, nikafunga mfereji wa petroli. Muuza maji wa chupa alikuja mbio, mwingine akarusha mchanga. Moto ulizimika kabla haujafika juu, lakini waya wa plagi uliyeyuka na suruali ya yule mama ikatoboka pindoni. Alitetemeka kwa muda mrefu, na alipomaliza kutetemeka akakataa nauli yake irudishwe. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Tulipolikwangua bomba tulikuta utandu mweusi, mgumu, kama plastiki iliyoyeyuka. Nailoni na poliesta huyeyuka kati ya digrii 220 na 265 hivi, na bomba linapotoka tu kwenye kichwa cha engini linapita hapo kwa urahisi, hasa ukipanda mlima na mzigo. Nilimpigia muuzaji. Kwanza alisema hatukuuloweka maji. Kisha akasema fundi ni mbaya. Mara ya tatu namba yangu ilikuwa imezuiwa. Nimeshapata wenzangu wawili, mmoja Umoja na mmoja Kariobangi, wenye roli ya rangi ileile na hadithi ileile ya duka la Kirinyaga Road. Kirinyaga Road ina wauza spea waaminifu wengi ambao nimenunua kwao miaka mingi, na anawachafulia jina.

Namna ya kumkamata ni rahisi. Usilipe kabla hujakata kipande kidogo cha ncha na kukiwekea moto wa kiberiti, mbali na pikipiki. Mkanda wa kweli umefumwa kwa nyuzi za kioo, au kwa nyuzi za jiwe jeusi la volkano liitwalo basalti, lile lililojaa Bonde la Ufa. Utageuka mwekundu kwenye moto, unaweza kutoa moshi kidogo, lakini hautashika mwali, na ukiutoa utabaki na umbo lake. Nailoni itadondoka matone. Pamba itaendelea kuwaka na kuacha majivu. Muuzaji anayekataa jaribio hili ameshakujibu. Na neno “titanium” lisikutishe: mingi inayouzwa kwa jina hilo ni basalti, jina limetokana na rangi na biashara.

Kuna bandia ya aina ya pili ambayo kwangu ni mbaya zaidi ya moto. Ukiletewa mkanda mzee, mweupe au wa kijivu, laini kama sufi, unaotoa vumbi ukiukunja, usiuchome wala usiukate. Huenda ni asbesto, ambayo ilitumika sana zamani kuzuia joto la mabomba. Haiungui, kwa hivyo itapita jaribio la kiberiti, lakini vumbi lake likiingia mapafuni husababisha saratani, na inaweza kuchukua miongo kujitokeza. Mrudishie kwenye begi lake uondoke. Hata nyuzi za kioo zinawasha ngozi na koo. Fundi avae glovu, mikono mirefu na barakoa.

Sasa niseme na hili, maana wauzaji halali nao hawalisemi. Kwa pikipiki ya cc 150 inayoshinda kwenye foleni ya Outering, mkanda hautakuongezea nguvu wala kupunguza petroli kwa kiwango cha kuhisi. Ulianzia kwenye magari ya mashindano. Hapa kwetu mvua ikinyesha unanyonya maji, na bomba la chuma cha kawaida linaoza chini yake bila wewe kuona. Engini ikivuja oili, mkanda halali kabisa unainyonya kama utambi wa taa. Kama shida yako ni miguu ya abiria, kama ilivyokuwa yangu, mwone fundi wa jua kali akukatie ngao ya bati gumu, iachwe nafasi ya hewa kati yake na bomba. Yangu ilinigharimu chini ya ule mkanda, na nimejuta sikuanzia hapo.

Na mtu akiungua: maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Si dawa ya meno, si unga, si yai. Yule msichana alipakwa dawa ya meno na mtu wa karibu kabla sijafika na maji, na kliniki walipata kazi ya kuitoa kwenye kidonda.

Ukishatapeliwa, fanya haraka. Ujumbe wa M-Pesa uutume kwa namba 456 ya Safaricom kuomba pesa irudishwe kabla hajaitoa; mimi nilichelewa. Nenda kituoni uandikishe, uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Ukimjua alipo, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza kesi zisizozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujitetea bila wakili. Ukinunua dukani, dai risiti na lipa kwa namba ya till yenye jina la duka ulilosimama ndani yake.

Namba yake na picha za skrini nimeziacha kituoni. Kipande kilichoungua kiko kwenye chupa ya glasi pale steji yetu Donholm, kwa yeyote anayetaka kulinganisha na alichouziwa. Kama umeshafunga wa rangi ya shaba usioujua asili yake, usibebe mtu leo. Ufungue kwanza, bomba likiwa baridi.