Uzoefu wangu: Winchester Mystery House, jumba la Bi. Sarah Winchester kule San Jose, California, Marekani

Wanaouliza kama tiketi ya jumba hili inafaa, jibu langu ni ndiyo, ila nenda kwa ajili ya nyumba yenyewe na mama aliyeijenga. Ukienda kutafuta mashetani wanaosemekana wamo humo, utapitwa na mambo mazuri zaidi.

Bi. Sarah aliolewa mwaka 1862 na William Winchester, mtoto wa mwenye kiwanda cha bunduki za Winchester kule Connecticut. Ni bunduki zilezile ambazo Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alikuja nazo kuwinda simba Afrika Mashariki mwaka 1909. Mtoto wao wa pekee, Annie, alizaliwa 1866 akafariki akiwa na umri wa wiki chache tu. Mwaka 1881 kifua kikuu kikamchukua mume. Mjane akaachiwa utajiri mkubwa wa hisa, akahamia California, na mwaka 1886 akanunua nyumba ya shamba ya vyumba vinane ambayo ujenzi wake haukuwa umekwisha. Mpaka anafariki Septemba 1922, vyumba vilikuwa vimefika kama 160.

Wengi wamesikia kwamba mganga wa Boston alimwamuru ajenge bila kukoma, ili roho za waliouawa kwa bunduki zile zisimdhuru. Hakuna ushahidi wa jambo hilo, na mimi linaniuma. Mama aliyezika mtoto na mume, akasimamia ujenzi wake mwenyewe bila kuomba ruhusa kwa mtu, leo anatajwa kama mwendawazimu.

Kilichonigusa kuliko vyote ni ile ngazi ya vidato vifupi. Ina vidato 44, inapinda huku na huku, na ukishafika juu umepanda futi 9 tu. Kila kidato kina kimo cha inchi 2 na ushei. Unapanda kama unayetembea kwenye mteremko mdogo. Watu hucheka wakiipita. Lakini Bi. Sarah alikuwa anaugua baridi yabisi, na kwa mtu ambaye magoti hayakunjiki, ngazi ile ni njia ya kupanda ghorofani bila kubebwa. Mimi nimelea mzee mwenye maradhi hayo, na pale nilisimama nikamkumbuka.

Hata ule mlango wa ghorofani unaofunguka hewani usikutishe. Tetemeko la 1906 liliangusha mnara na ghorofa za juu, na yeye hakujenga upya. Aliamuru sehemu zilizoharibika zizibwe. Nyumba iliyokatwa hivyo lazima ibaki na njia zisizofika popote.

Usikose chumba cha maua cha upande wa kaskazini. Mbao za sakafu zinafunuliwa, mimea inamwagiliwa, na maji yanayochuruzika yanapokelewa na bati chini yake, kisha yanateremka kwa bomba hadi kwenye bustani ya nje. Hilo ni wazo la mtu aliyekaa akapiga hesabu. Vioo vya rangi vya ukumbi wa dansi, vyenye maneno ya Shakespeare, navyo vinapendeza.

Ziara huchukua saa moja na ushei, na kundi halisubiri sana, kwa hiyo kaa mbele karibu na mwongozaji kama unataka kuuliza maswali. Vaa viatu vya chini. Vijia ni vyembamba na ngazi ni nyingi, hivyo mwenye mtoto mchanga ambebe mgongoni. Mwenye kiti cha magurudumu aulize mapema sehemu anazoweza kufika, maana ghorofani hupandwa kwa ngazi. Bustani unazunguka mwenyewe kwa muda wako. Mimi ningeanza huko asubuhi kabla jua halijawa kali, halafu ndiyo niingie ndani.