Lushoto: beba sweta, acha haraka

Mombo, chini ya milima ya Usambara, nilishuka basi nikiwa nimelowa jasho, nikapanda gari la kwenda juu Lushoto. Baada ya kona zisizohesabika na maporomoko ya Soni, dereva alipofungua dirisha nikajuta kuacha sweta Dar. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya jioni haina utani.

Wajerumani waliupenda ubaridi huo. Waliuita mji Wilhelmsthal, kwa heshima ya mfalme wao, wakajenga majengo ya mawe ambayo mengine bado yapo. Waingereza walipoingia mwaka 1916, jina hilo halikudumu. Lakini msidhani historia ilianza na Wajerumani. Wasambaa walikuwa na ufalme wao, makao yake Vuga, na mfalme wao Kimweri ye Nyumbai alijulikana hadi pwani.

Kivutio changu ni Irente. Unatembea kati ya mashamba ya mahindi na kabichi, watoto wanakusalimia, halafu ghafla ardhi inakatika na tambarare ya Mazinde iko chini yako. Nilikaa saa nzima. Kwenye shamba la Irente nikala mkate na jibini yao, na jemu nikanunua chupa mbili (moja haikufika nyumbani).

Gesti niliyolala sitaitaja: maji moto waliyoniahidi kwenye simu yalikuja kwa ndoo, tena saa nne usiku. Sokoni, plamsi tamu kuliko zote nilizowahi kula. Lushoto naipa nyota nne.