Kadi mbili za GTX 1070 au RTX 3060 moja: uzoefu wangu nikiwa Dodoma

Kazi yangu ni kuchora nyumba ambazo bado hazijajengwa. Mteja huniletea ramani ya msanifu majengo, nami huigeuza kuwa picha ya pande tatu ili aione sebule, paa na uzio kabla hajanunua tofali la kwanza. Tangu Serikali ihamie Dodoma na ujenzi ushike kasi maeneo ya Iyumbu, Nzuguni na Mtumba, kazi hizi zimekuwa nyingi kuliko uwezo wa kompyuta yangu, ambayo kwa miaka kadhaa ilitegemea kadi moja ya grafiki aina ya GTX 1070 yenye kumbukumbu ya GB 8. Picha moja ya ukubwa ninaomkabidhi mteja ilichukua dakika 80 kwenye Blender, programu ninayochorea picha hizo.

Nilikuwa na njia mbili: kuongeza GTX 1070 nyingine iliyokwisha kutumika, au kuiondoa niliyokuwa nayo na kununua RTX 3060 ya GB 12. Nilichagua njia ya kwanza. Kadi iliyotumika niliipata Kariakoo kwa laki tatu na nusu, wakati RTX 3060 mpya ilikuwa laki tisa, na kwa hesabu ya harakaharaka sikuona sababu ya kusita. Kilichonipita ni kwamba GTX 1070 moja hula hadi wati 150, hivyo mbili ni wati 300 kabla hujahesabu prosesa, na pawa saplai yangu ya wati 500 haikuweza tena kuaminiwa. Ya wati 750 iliniongezea laki mbili na ishirini. Nilinunua pia kile kidaraja cha kuunganishia kadi kwa mfumo wa SLI, nikaja kugundua baadaye kwamba Blender haikihitaji hata kidogo. Inatosha kuziwekea tiki kadi zote mbili kwenye mipangilio, na kila moja itapewa sehemu yake ya picha.

Sitaki kuzionea kadi hizo. Picha ya dakika 80 ilishuka hadi dakika 43, na kwa miezi ya mwanzo niliridhika kabisa.

Tatizo lilianza na mama mmoja mwenye shamba la zabibu Mpunguzi. Alitaka nyumba yake ionekane kupitia mizabibu, akaniambia, "Mwanangu, bila zabibu hiyo si nyumba yangu." Nikamjibu, "Sawa mama," nikapanda mizabibu mstari kwa mstari, kila jani likiwa na picha yenye ubora wa juu. Nilipobonyeza kitufe cha kuanza, Blender ilisimama na kuniarifu kwamba kumbukumbu ya kadi imejaa. Mandhari ile ilihitaji zaidi ya GB 9, nami nilikuwa nikiamini kwamba nina 16. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ningepaswa kulijua kabla ya kutoa fedha: kila kadi hulazimika kubeba mandhari nzima ndani ya kumbukumbu yake yenyewe, kwa hiyo 8 na 8 hubaki kuwa 8. Ilinibidi nipunguze ubora wa majani hadi yakawa kama ya plastiki, na mama aliliona jambo hilo kabla sijafungua mdomo kumweleza.

Pigo la pili lilikuwa kwenye programu ninayoitumia kumtembeza mteja ndani ya nyumba moja kwa moja kwenye skrini. Ilitumia kadi moja tu, nyingine ikakaa bure. NVIDIA, kampuni inayotengeneza kadi hizi, ilianzisha SLI mwaka 2004 kwa ajili ya michezo, ambapo kadi hupokezana fremu, yaani picha moja moja zinazounda mwendo, lakini mfumo huo hutegemea programu yenyewe iwe imetengenezwa kuuafiki, na hata inapouafiki picha huweza kukwamakwama kwa sababu fremu hazifiki kwa mpigo ulio sawa. Kampuni hiyo iliacha kuandaa mipangilio mipya ya SLI kuanzia Januari 2021. Katika familia ya RTX 30 ni 3090 na 3090 Ti peke yake zilizobakiwa na sehemu ya kuunganishia, na kwenye RTX 40 imeondolewa kabisa.

Kuna pia joto na vumbi, na kwa mkazi wa Dodoma mambo haya hayawezi kupuuzwa. Kadi zangu zilikaa zikiachana kwa upana wa vidole viwili. Mchana wa mwezi Oktoba ya chini ilisoma nyuzi 70, ya juu 84, na ikifika hapo ilikuwa inapunguza kasi yenyewe. Fundi wangu alipoiona alisema, "Kaka, hii ya chini inampumulia mwenzake moto." Nilipofungua kasha baada ya majuma sita ya upepo wa kiangazi, mapezi ya kupozea ya kadi ya juu yalikuwa yamezibwa na utando mwekundu wa vumbi, niliubandua kwa brashi ya rangi, ukatoka kipande kizima kikiwa na alama za mapezi yenyewe.

Hatimaye nilipanda treni ya SGR asubuhi, nikanunua RTX 3060 Kariakoo, nikarudi jioni boksi likiwa mapajani. Kadi hii hula wati 170, na kwa kuwa ina sehemu maalumu za kukokotoa miale ya mwanga, ambazo Blender huzitumia kupitia OptiX, teknolojia ya NVIDIA ya kazi hiyo, picha ile ile ya dakika 80 sasa huchukua dakika 22. Kazi iliyokuwa ikiziweka kadi mbili macho kwa saa kumi, ikila uniti 3 za LUKU, sasa huisha kwa saa tano na haifikishi uniti moja.

Mwenye mandhari nyepesi, kasha pana na kadi yenye nguvu tayari anaweza kuongeza ya pili kwa ajili ya Blender, mradi asitarajie kumbukumbu kuongezeka. GTX 1070 ya pili nisingemshauri mtu yeyote aitafute leo, kwani draiva (programu za kuiendesha kadi) za kawaida za kizazi hicho zilikoma Oktoba 2025, zikabaki za usalama tu. Moja niliiuza, nyingine iko kwenye kompyuta ya kijana anayenisaidia, inapumua vizuri ikiwa peke yake.

Picha ya Mpunguzi niliirudia bila kumtoza mama chochote, majani yakiwa na mishipa yake yote, kumbukumbu ikisoma GB 9.6. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaomba niongeze vichala vyekundu upande wa jikoni, na nafasi bado ilikuwepo.