Mawakili wa "daraja la kwanza" Kampala: uzoefu wangu kama mteja

Tulipoanza kuleta mchele Kampala kutoka Tanzania kupitia Mutukula, mshirika wetu Mganda alishikilia tuchukue mawakili wenye jina. Jina hilo watu hulitafuta kwenye orodha za Chambers Global, Legal 500 na IFLR1000, vitabu vya kimataifa vinavyopanga mawakili kwa madaraja, kwa sababu kanuni za mawakili za Uganda zinambana wakili asijitangaze. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa hata kizuri hakiruhusiwi kujitembeza, basi beji ya Chambers ndiyo inayowekwa chini ya kila barua pepe.

Usajili wa kampuni kule URSB, ofisi ya serikali ya Uganda inayosajili kampuni, ulikwenda bila longolongo. Thamani ya pesa niliiona kwenye mkataba wa wanahisa. Wakili alituuliza: hisa mmegawana nusu kwa nusu, siku mkigongana nani ana kauli ya mwisho? Tukatazamana. Akaweka kifungu cha kununuana hisa, na usuluhishi kabla ya mtu kukimbilia Mahakama ya Biashara. Ada si ya mchezo, na juu yake VAT ya asilimia 18.

Baadaye wakaomba ruhusa ya kupeleka jina langu Chambers kama mteja wa kuulizwa. Mtafiti akaniandikia: wanajibu upesi? Wanaielewa biashara yako? Nani hasa alikuhudumia? Hilo la mwisho nililijibu kwa urefu. Aliyebeba faili letu, na kupokea simu zangu hadi saa mbili usiku, ni wakili kijana ambaye hayumo kwenye orodha yoyote. Mkubwa aliyeorodheshwa alitupa mkono siku ya kwanza, basi.

Sizibezi orodha hizo. Nafasi hainunuliwi, ingawa wasifu mrefu kwenye tovuti unalipiwa. Lakini wateja wa kuulizwa huteuliwa na mawakili wenyewe, na sijui nani atampeleka mteja aliyenuna. Tena zinapima zaidi kazi kubwa: mikopo ya mabenki, mafuta ya Ziwa Albert, bomba la kwenda Tanga. Mwenye malori mawili aulize kwanza faili lake litashikwa na nani, na kama huyo ana leseni ya mwaka huu.

Nyota nne. Tukifungua ghala Masaka nitarudi palepale, ila nitamtaja yule kijana kwa jina kabla sijalipa chochote.