Siku tatu za Julai Lake Mead: uvuvi ni wa usiku na alfajiri, mchana ni wa kivuli

Watu wakisikia tulikwenda kuvua Lake Mead katikati ya Julai, wanauliza swali moja tu: na lile joto? Joto lipo. Siku ya pili, saa tisa alasiri, kipimajoto kilionyesha nyuzi 43 za Selsiasi, na vyuma vya boti havikushikika bila kitambaa. Lakini kwenye ziwa hilo hilo nilivua samaki wengi kuliko nilivyowahi kuvua mahali popote, na watoto wa dada yangu waliogelea mpaka ikabidi waitwe mara tatu ndipo watoke majini. Kilichotuokoa ni kuchagua saa. Maelezo mengi niliyoyasoma kabla ya safari yalinieleza mahali pa kwenda, na machache sana yalinieleza niende saa ngapi, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Kwa asiyelijua, hili ni ziwa lililotokana na bwawa la Hoover kwenye mto Colorado, mpakani mwa Nevada na Arizona, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka Las Vegas. Bwawa lilizinduliwa mwaka 1935. Likijaa, hakuna ziwa la bwawa Marekani linalolishinda kwa wingi wa maji. Lakini kwa zaidi ya miaka 20 sasa ukame na matumizi makubwa ya mto vimelishusha, na Julai 2022 maji yalifika takriban mita 317 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mita 50 chini ya kimo chake cha kujaa. Yamepanda kiasi tangu wakati huo. Hata hivyo, ukisogeza boti kwenye kuta za mawe unauona mkanda mweupe wa madini ulioachwa na maji yalipokuwa juu. Niliinua kichwa kuutazama mpaka kofia ikaanguka. Ni mrefu kuliko jengo la ghorofa kumi, na wewe uko chini yake, pahali palipokuwa kina kirefu.

Kimo hicho kinagusa kila kitu utakachofanya pale. Mwaka 2022 sehemu nyingi za kushushia boti zilifungwa kwa sababu zege liliishia juu ya tope kavu. Siku hizi hali ni nafuu, ila inabadilika, na kiangazi maji huendelea kuachiliwa kwenda mashambani na mijini huko chini. Angalia tangazo la hifadhi siku ile ile unayoondoka. Sisi tulilipa dola 25 kwa gari, kiingilio cha siku 7.

Boti tulikodi, ile pana ya sakafu bapa yenye turubai juu, na hapa nina malalamiko mawili. La kwanza ni ramani. Tulipewa karatasi iliyochapishwa zamani, na mahali ilipoonyesha njia ya maji kati ya kisiwa na bara palikuwa pamekauka. Tuligundua hilo shemeji aliposema, "Zima injini, naona mawe," na mawe yalikuwa pale kweli, kiasi cha mita moja chini ya boti. Maji ya Lake Mead ni maangavu, la sivyo tungeyapanda. La pili limeniudhi zaidi: jaketi za kuokolea maisha zilikuwa za watu wazima tu. Sheria ya pale inamtaka mtoto wa chini ya miaka 13 avae jaketi muda wote boti inapotembea, na mwenye kukodisha boti kwa familia anapaswa kulijua hilo kuliko mimi. Tulirudi mjini kununua za watoto, saa mbili zikapotea.

Sasa uvuvi. Samaki wanaotafutwa zaidi kiangazi ni striped bass, wale wenye mistari myeusi ubavuni, waliopandikizwa humo mwaka 1969. Chakula chao kikubwa ni shad, samaki wadogo wa rangi ya fedha wanaotembea kwa makundi kama dagaa. Julai maji ya juu yalikuwa na nyuzi 28, ya vuguvugu mno kwa striped bass, kwa hiyo mchana wanazama kwenye maji baridi ya chini. Shad wanabaki juu. Usiku na alfajiri wakubwa wanapanda kula, jua likikolea wanashuka. Ukilielewa hilo, ratiba yako yote imekwisha kupangika.

Usiku wa kwanza tulitia nanga kwenye ghuba iliyotulia, tukashusha taa ya kijani majini. Dakika kumi za mwanzo huoni kitu. Kisha vinakuja vidudu, vumbi hai linalozunguka mwangaza. Nusu saa baadaye shad wakaanza kuzunguka taa upande mmoja, wote pamoja, kama wanatawafu, na kila mara kundi lilipasuka ghafla katikati kisha likajiunga tena. Kupasuka huko ndiko dalili: mkubwa amepita chini. Chambo chetu kilikuwa vipande vya anchovy, samaki wadogo wa baharini, waliogandishwa, ndoano moja, risasi ndogo, mshipi ukashushwa kama mita 10. Hawavuti kwa nguvu mwanzoni. Unasikia kama mtu anagusa mshipi kwa ukucha, na ukisubiri avute sawasawa chambo kimeshaliwa. Mimi nilipoteza vipande vingi kabla mkono haujajifunza. Hadi saa nane usiku tulikuwa na samaki 26, wengi wa nusu kilo hadi kilo moja, tukaacha kwa sababu barafu ilikuwa inaisha. Kwa joto lile, samaki asiyewekwa kwenye barafu papo hapo anaharibika. Tulimtoa damu kila mmoja mara tu alipotoka majini, na wakati wa kumpasua tukaondoa ile nyama nyekundu ya ubavuni, kwa kuwa ndiyo yenye ladha kali.

Alfajiri ya siku ya pili ndiyo nitakayoikumbuka. Saa kumi na moja na nusu, maji yametulia kama kioo, sauti ikaja kabla ya kuona chochote, mchakacho kama mvua inayoanza kwenye bati. Kisha maji yakachemka. Sehemu yenye upana wa uwanja wa mpira wa wavu ilikuwa inatokota, shad wanaruka nje ya maji, striped bass wanawagonga kutokea chini, na ndege tayari wako juu. Shemeji alizima injini mbali kidogo, tukaacha boti isogee yenyewe, maana ukiingia na injini kundi linazama. Nilirusha chambo bandia cha kung'aa, cha umbo la kijiko, kupita ukingo wa kundi. Hakikugusa chini. Mara nne nilirusha, mara nne nikavuta samaki. Dakika saba kisha kimya, maji yakalala kama hakukutokea kitu, yakabaki magamba tu yakielea. Likaibuka kundi jingine mita 200 mbele, halafu jua likatoka na mambo yakaisha.

Bass wengine, smallmouth wa kwenye mawe, nilijaribu jioni moja, sikupata. Kambare yupo pia, sikumtafuta.

Mchana ni wa kuogelea na kivuli, na kwa watoto maji yale ni raha kabisa. Ila upepo usiuchukulie kirahisi. Boulder Basin, sehemu ya ziwa iliyo karibu na bwawa, ni uwazi mkubwa usio na kizuizi, na Julai hadi Septemba ni msimu wa dhoruba za alasiri. Siku ya pili, saa tisa na dakika chache, mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa amekalia boya la kupuliza karibu na boti. Upepo ulikuja bila kupanda taratibu. Nilipogeuka kuchukua chupa ya maji na kutazama tena, alikuwa ameshafika mita 30, boya likienda kasi kuliko mtu awezavyo kuogelea, kisha likapinduka. Alikuwa amevaa jaketi. Tulimfikia kwa boti akiwa anaelea amenyoosha mikono kama mama yake alivyomfundisha, analia, mzima. Zile saa mbili za kurudi mjini nilizozilalamikia, sasa naona ndizo zilizomleta nyumbani. Boya lenyewe hatukulipata tena. Tafadhali, maboya ya kupuliza yaacheni kwenye bwawa la kuogelea.

Jambo la mwisho ni kome. Quagga waligunduliwa ziwani humo Januari 2007, na sasa wamefunika kila jiwe. Magamba yao yanakata nyayo kama wembe, mtoto asiingie bila viatu vya majini. Tena wanasafiri kwa kujibandika kwenye vyombo, ndiyo maana ukitoka unatakiwa usafishe, umwage maji yote, ukaushe. Sisi tulisugua nanga, kamba na ndoo kwa makini tukadhani tumemaliza. Nyumbani, siku mbili baadaye, dada aliinua kiatu cha mwanawe na kubandua kwenye soli kitu kigumu, cha mistari, kidogo kama punje ya dengu.