Kabla ya kuuliza GB, uliza kishikwambi kilitoka mwaka gani

Mwezi uliopita niliacha laki nne na nusu Kariakoo kwa kishikwambi kilichong'aa kama kipya. Mwanangu yuko kidato cha pili, alikihitaji kwa masomo, nami nilitaka kulipia ada humo humo. Usiku ule ule programu ya benki ikagoma kuingia: mfumo umepitwa. Nikafungua Mipangilio, nikasoma namba ya modeli, nikaitafuta. Kifaa cha 2016! Kioo kizima, betri nzima, spika nzima, lakini umri umekwisha.

Kwa hiyo habari za kamera na GB sitaziandika hapa, muuzaji atakuimbia bila kuombwa. Mimi nataka uulize umri.

Kampuni hukitumia kifaa masasisho kwa miaka kadhaa, kisha huacha. Programu nazo hazisubiri. WhatsApp, kwa mfano, tangu 2025 haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya 5, na za benki huwa kali zaidi. iPad ya kwanza ilitoka 2010 ikaishia iOS 5 (mfumo wa Apple), kama miaka miwili tu. iPad Air 2 ya 2014 ilifikishwa hadi mfumo wa iPadOS 15, wa 2021. Kwangu mimi hayo ndiyo maendeleo makubwa ya vishikwambi, kuliko wembamba wote wanaotangaza.

Kwa hesabu hiyo ya umri, kishikwambi namba moja kwangu ni Samsung Galaxy Tab A11. Samsung ndiyo ninayoipenda, sifichi, tangu ile Galaxy Tab ya 2010 ya inchi 7 iliyokuwa inaingia laini na kupiga simu. A11 ilitoka 2025 na Android 15, na kampuni imeahidi kuipandisha mfumo hadi mara saba. Kioo ni inchi 8.7, memori kadi inaingia. Kama unataka laini, hakikisha umepewa ya laini, kwa sababu ya Wi-Fi pekee ipo pia na maboksi yanafanana.

Ya pili ni Galaxy Tab S6 Lite, kwa mwanafunzi anayependa kuandika kwa mkono, kalamu imo ndani ya boksi. Hapa ndipo watu wanapigwa. Jina ni hilo hilo, vifaa ni vitatu: cha 2020 (SM-P610 au P615), cha 2022 (P613 au P619) na cha 2024 (P620 au P625). Cha 2020 kiliishia Android 13. Nunua cha 2024 tu. Ukiambiwa "zote ni moja, dada", ondoka.

Ya tatu, iPad ya 2025 yenye chipu ya A16. Itadumu, sina ubishi, ila memori kadi haiingii, na hata ile ya mtandao wa simu haina tundu la laini, inatumia eSIM tu, laini ya ndani ya kifaa isiyo na kadi.

Vile vya bei ya chini visivyo na jina, vyenye makava ya katuni, mnunulie mtoto wa chekechea wa kutazama katuni. Basi.

Kinachoniuma zaidi ni wauzaji. Boksi limefungwa nailoni, ukiomba kuwasha unaambiwa ukifungua umenunua. Niliporudi na changu nikajibiwa kwamba duka haliuzi mfumo, linauza kifaa. Nikadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iandikwe namba ya modeli, ndipo nikaambiwa bei niliyolipa ilikuwa ya bila risiti, nikitaka risiti niongeze elfu themanini. Yaani risiti, haki yangu kisheria, inauzwa! Siku hizi naanza na hiyo: "Bei na risiti ya EFD, namba ya modeli ndani yake, ni shilingi ngapi?" Duka la kwanza, la pili na la tatu walinigeukia mgongo. La nne, kona ya mtaa wa Aggrey, kijana akafungua boksi, akawasha, akaniachia nisome mwenyewe.