Mabomba ya kutengenezea heda za ekzosi: kipi kinunuliwe kwanza, kipi kiachwe

Anayetaka kujitengenezea heda, yaani mabomba yanayotoka kwenye kila tundu la silinda hedi na kukutana kwenye kikusanyio, kwa kawaida huanza kwa kuuliza aina ya chuma. Mimi ningemshauri aanze kwa kuuliza kuhusu kona. Bomba lililonyooka hupatikana kwa urahisi, lakini kona nzuri ndiyo inayogharimu, na ndiyo inayoamua kama moshi utapita bila kuzuiwa. Aliyemaliza fedha zake kwenye stenlesi ya hali ya juu kisha akaipinda kwa mashine inayobonyeza bomba atapata heda duni kuliko yule aliyenunua kona safi za chuma cha kawaida.

Kona zinazofaa ni zile zilizopindwa kwa mandreli, ambayo ni kiini kigumu kinachokaa ndani ya bomba wakati wa kupinda ili duara lake lisibonyee. Nunua zenye umbo la U, za nyuzi 180, badala ya zile za nyuzi 90, kwa sababu U moja hukatwa ikatoa kipande cha nyuzi 90, cha 60 na cha 30, pamoja na mikia iliyonyooka ambayo nayo hutumika. Nusu kipenyo cha mpindo, kikipimwa hadi katikati ya bomba, kisipungue mara moja na nusu ya kipenyo cha bomba lenyewe, na panapokuwa na nafasi, mpindo mpana zaidi ni bora. Pitisha kidole upande wa ndani wa kona: ukikuta mikunjo, irudishe.

Kosa la pili ni la vipimo. Bomba la ekzosi huuzwa kwa kipenyo cha nje, kwa hiyo bomba la milimita 38 lenye ukuta wa unene wa milimita 1.6 lina nafasi ya milimita 34.8 tu ndani. Niliwahi kununua mabomba ya milimita 42 kwa wauzaji wawili bila kupima kuta, na moja lilikuwa na ukuta wa 1.2 na jingine wa 2. Kila kiungo kikawa na ngazi ya milimita 0.8 pande zote, nikalazimika kukata upya kazi ya siku mbili. Tangu hapo siendi kununua bomba bila kalipa, kifaa cha kupimia unene na kipenyo.

Nafasi ya kwanza naipa chuma cha kawaida chenye ukuta wa milimita 1.6. Hukatika vizuri kwa grenda, huchomeleka kwa MIG au TIG, ambazo ni njia za kuchomelea kwa umeme na gesi, na humvumilia fundi ambaye mkono wake haujazoea, ilhali ukuta wa 1.2 hutoboka haraka. Kwa kipenyo cha milimita 42, ukuta wa 1.6 una uzito wa takribani kilo 1.6 kwa mita, na ule wa 1.2 kilo 1.2; tofauti hiyo haistahili usumbufu wa kuziba matundu. Adui wake ni kutu. Kipake chuma hicho rangi ya kauri ya kuhimili joto, wala usikifunge kwa kitambaa cha kuzuia joto, kwa kuwa kitambaa hicho hushika unyevu na kukila chuma pasipoonekana.

Nafasi ya pili ni stenlesi ya 304, yenye takribani asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli. Hudumu kuliko chuma cha kawaida, lakini inadai nidhamu. Lazima ndani ya bomba ujaze gesi ya argoni unapochomelea, vinginevyo upande wa ndani wa kiungo huungua na kuwa chengachenga. Waya wake wa kuchomelea ni 308L, na 309L pale inapokutana na flanji ya chuma cha kawaida, yaani bamba linalofungwa kwenye silinda hedi. Tena hutanuka sana: bomba la milimita 800 likipanda joto kwa nyuzi 600 za Selsiasi hurefuka milimita 8 hadi 9, wakati chuma cha kawaida hurefuka 6 hadi 7. Ndiyo maana napendelea mabomba yake yachomekwe kwenye kikusanyio na kushikwa kwa springi kuliko kuchomelewa moja kwa moja, kwani kiungo kisichoweza kusogea ndicho hupasuka.

Stenlesi ya 409 ni ya tatu. Ina kromiamu kama asilimia 11, huota kutu ya juujuu lakini haitoboki upesi, na haitanuki kama 304. Sumaku huishika, jambo linalokusaidia kumbaini muuzaji anayekuuzia 409 kwa jina la 304, ingawa kona za 304 zilizopindwa nazo huvutwa kidogo.

Kwa injini yenye turbo, mashine inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, ambapo heda ndiyo inayobeba uzito wa turbo hiyo, mpangilio hubadilika: kona nene za kuchomelea za stenlesi, zenye ukuta wa karibu milimita 3, hutangulia. Stenlesi ya 321, iliyoongezwa titaniamu, ni ya magari ya mashindano; kwa gari la barabarani sioni sababu ya kuilipia.

Bomba lililopakwa alumini litumike baada ya kikusanyio, si karibu na valvu. Bomba lililopakwa zinki usilinunue kabisa. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, na moshi wake wakati wa kuchomelea huleta homa; kusugua nje hakuondoi ile iliyo ndani.

Flanji iwe na unene wa milimita 10, ikatwe kwa leza, na ifungwe kwa bolti kwenye silinda hedi kuukuu unapochomelea ili isijikunje. Kikusanyio kinunuliwe kilicho tayari, na nati ya kitambuzi cha oksijeni iwe ya M18 (kipenyo cha milimita 18) yenye hatua ya 1.5, yaani umbali wa milimita kati ya uzi na uzi. Flanji na kikusanyio vinunuliwe kabla ya bomba lolote, kwa maana hivyo ndivyo vinavyoweka mwanzo na mwisho wa kila njia. Kisha pima njia hizo kwa waya laini, jumlisha urefu, na uongeze robo nzima ya ziada.